Kichwa kinaluma kila siku: dawa ya kuzuia iko, lakini inaomba subira

Mu Kasenga na mu makambi ya wachimbaji, wengi wanameza vinini vya maumivu kila siku ili waweze kushuka ku kazi. Lakini kinini cha kila siku mwishowe kinaweza kuleta kichwa chenyewe. Kuna njia nyingine: dawa inayozuia maumivu mbele yaanze.

Uliza mutu yeyote wa Kasenga anafanya nini kichwa kikimuluma. Atakujibu bila kufikiri: "Ni malaria." Alafu anapita ku farmasi ya karibu, ananunua dawa ya malaria pamoja na parasetamoli, anarudi ku kazi. Kisha wiki mbili kichwa kinarudi, na yeye anarudi ku farmasi. Mwaka unapita hivyo, pesa inaenda, na kichwa kiko pale pale.

Si ajabu kufikiri hivyo. Tuko kando ya Luapula, mbu hawakosekani, na malaria inaua kweli, zaidi watoto wadogo. Homa pamoja na kichwa ni lazima ipimwe: tone moja la damu ku kidole, dakika kumi na tano ao ishirini, jibu linatoka. Lakini kichwa kinacholuma siku 15, siku 20 ao kila siku ya mwezi, miezi mitatu mfululizo, bila homa, na kipimo kinasema hapana malaria, hicho si malaria. Ni ugonjwa wenyewe, una jina lake, na una dawa yake.

Tangu wakati wa Wabelgiji, Kasenga na kazi ya shaba ni ndugu. Samaki wa Luapula na wa ziwa Moero walikuwa wanapanda barabara, karibu kilomita 200, mpaka Elisabethville, kulisha wafanyakazi wa Union Minière. Leo barabara ni ile ile, lakini vijana nao wanapanda: Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, wanafuata shaba na kobalti. Nyumbani wanangojea pesa yao. Mutu mumoja akilazwa na kichwa siku mbili kila wiki, pengo linaonekana ku sahani ya bukari huku Kasenga. Kwa hiyo hili si jambo la mugonjwa peke yake. Ni jambo la nyumba nzima.

Vichwa havifanani

Waganga wanagawanya vichwa vya mara kwa mara mu aina tatu ambazo zinaonekana zaidi.

Ya kwanza ni migreni. Inapiga sawa ngoma, mara nyingi upande mumoja. Mutu anatapika ao anasikia roho inachafuka, hataki mwangaza, hataki makelele, anatafuta chumba chenye giza alale. Inaweza kudumu saa 4 mpaka siku 3. Wengine, mbele ianze, wanaona mianga inachezacheza mu macho, ao midomo na vidole vinakufa ganzi kidogo. Migreni inafuata familia: mama alikuwa nayo, binti anaipata. Wanawake wanaipata zaidi ya wanaume, na mara nyingi inakuja karibu na siku zao za mwezi. Hapa kwetu, mutu anayeona mianga alafu anaanguka na kichwa, watu wanaanza kutafuta nani amemuroga. Hakuna muchawi. Ni bongo yake tangu kuzaliwa ina mishipa myepesi kuamka.

Ya pili ni kichwa cha kukazwa. Hiki hakipigi, kinabana pande zote mbili, sawa kamba imezungushwa ku paji la uso, ao sawa kofia ya kazi iliyo ndogo. Mutu anaweza kuendelea kutumika, lakini bila furaha. Kinapenda watu wenye mawazo, wasiolala vizuri, wanaoinama saa nyingi.

Ya tatu njo ile watu hawaijui: kichwa kinacholetwa na dawa ya kichwa. Tutaifikia.

Mutu mumoja anaweza kuwa na aina mbili pamoja. Mara nyingi anaanza na migreni mara mbili kwa mwezi, anameza vinini zaidi na zaidi, mpaka siku moja anastuka kichwa kiko naye kila asubuhi.

Ngambo ya muto wamehesabu

Ngambo ya Luapula ni Zambia. Kule watafiti, kati yao Edward Mbewe, walipita nyumba kwa nyumba mu Lusaka na mu jimbo la Kusini, wakiuliza watu wazima juu ya vichwa vyao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kati ya watu 100, karibu 23 walikuwa na migreni mu mwaka ule. Zaidi ya 11 kati ya 100 walikuwa na kichwa siku 15 ao zaidi kila mwezi. Na saba hivi kati ya 100 walionekana kuwa na kile kichwa cha tatu, kinacholetwa na vinini vyenyewe.

Saba kati ya 100 ni wengi. Hesabu ekipi ya wachimbaji mia moja wanaoshuka pamoja, na utaelewa. Wazambia wa pale wanakula sawa sisi, wanatumika sawa sisi, wana farmasi sawa zetu ambamo kinini kinauzwa kimoja kimoja. Hakuna sababu ya kufikiri kama upande huu wa muto mambo ni tofauti sana.

Namna kinini kinageuka adui

Parasetamoli, ibuprofeni na aspirini ni dawa nzuri. Hakuna mutu anayesema tuzitupe. Shida ni hesabu ya siku.

Waganga wa dunia nzima wanakubaliana juu ya mipaka hii. Mutu mwenye tabia ya kuluma kichwa, akimeza dawa ya kawaida ya maumivu siku 15 ao zaidi kwa mwezi, kwa muda unaopita miezi mitatu, yuko mu hatari. Kama ni vinini vilivyochanganywa, vyenye kafeini ao kodeini ndani, ao kama ni tramadoli, mupaka unashuka: siku 10 kwa mwezi zinatosha kuharibu.

Inaenda hivi. Bongo inazoea dawa. Dawa ikiisha mu damu, karibu na asubuhi, bongo inailalamikia, na lugha yake ya kulalamika ni maumivu. Mutu anaamka na kichwa, anameza, kinatulia saa chache, kinarudi. Anasema: "Dawa hii inanisaidia, bila yake siwezi." Ni kweli inamusaidia kwa saa nne. Lakini njo hiyo hiyo inamutengenezea kichwa cha kesho.

Na kichwa si kiungo pekee kinacholipa. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini za kila siku zinatoboa tumbo na kuchosha figo, zaidi kwa mutu anayetoka jasho siku nzima bila kunywa maji ya kutosha. Parasetamoli ikipita gramu 4 kwa siku, ni kusema vinini 8 vya miligramu 500, inaweza kuua ini. Na mutu anayekunywa lutuku kila jioni anaweza kuumia hata mbele ya kufika pale.

Shimo nalo lina sehemu yake

Mbele ya kusema juu ya dawa ya kuzuia, tuangalie kazi yenyewe. Kuna vichwa ambavyo hakuna kinini kitakachovimaliza, juu sababu iko mu shimo.

Dynamite ina historia na vichwa vya watu. Ndani yake muna nitrogliserini, kitu ambacho Muitalia Ascanio Sobrero alitengeneza mwaka 1847. Alionja kidogo sana ku ulimi, kichwa kikamuluma vibaya. Alfred Nobel alipoanza kuuza dynamite kuanzia mwaka 1867, wafanyakazi wa viwanda vyake waliijua "kichwa ya Siku ya Kwanza": wanapumzika Siku ya Mungu, wanarudi ku kazi Siku ya Kwanza, wanapasuka kichwa, mu wiki mwili unazoea, alafu wanapumzika tena na mambo yanaanza upya. Nitrogliserini inafungua mishipa ya damu, inapita ku ngozi na ku pumzi. Hata leo, mu mashimo mengi ambamo wanapasua mawe na unga mwingine, moshi unaobaki kisha mulipuko una gazi mbaya. Anayekimbia kuingia mbele moshi utoke, anaingia kutafuta kichwa, na pengine kifo.

Hatari kubwa zaidi kwa wachimbaji wadogo ni motopompe na grupu ya umeme. Moshi wao una gazi ya kaboni isiyo na harufu wala rangi. Alama yake ya kwanza ni kichwa, kizunguzungu na kutapika. Kama watu wawili ao watatu mu shimo moja wanaluma kichwa wakati mumoja, na wanapotoka inje wanasikia nafuu, musingojee: wote watoke, mashine izimwe. Motopompe haishuki mu shimo hata siku moja. Mabomba ashuke, mashine ibaki juu, mbali na mulango.

Kisha kuna mambo madogo yanayorudi kila siku. Kushuka bila kula kitu tangu asubuhi. Kunywa chupa moja ya maji mu joto la saa nane. Kubadilisha posti ya muchana na ya usiku mpaka mwili haujui tena saa ya kulala. Pombe ya jioni kisha mushahara. Migreni inapenda hivyo vyote. Kwa mutu mwenye migreni, kula saa ile ile, kunywa maji mara kwa mara na kulala saa zinazofanana ni nusu ya dawa, na haviuzwi ku farmasi.

Dawa ya kuzuia ni nini

Dawa ya maumivu inamezwa wakati moto umeshika. Dawa ya kuzuia inamezwa kila siku, hata siku ambayo kichwa hakilumi, ili moto usishike. Haitulizi kichwa cha leo. Inapunguza hesabu ya vichwa vya mwezi unaokuja, na inapunguza nguvu zao.

Nani anaihitaji? Waganga wanaifikiria kwa mutu mwenye migreni siku 4 ao zaidi kila mwezi, ao mwenye vichwa vichache lakini vinavyomulaza kabisa, ao mwenye kumeza dawa ya maumivu mara nyingi mupaka hesabu inakaribia ile tuliyosema hapo juu. Mutu anayelumwa na kichwa mara moja kwa mwezi haihitaji. Parasetamoli yake inatosha.

Ya kwanza ni propranololi. Hapo mwanzo haikutengenezwa kwa kichwa. Muganga na mutafiti Muskoti James Black aliitafuta mu miaka ya 1960 kwa ajili ya watu wenye maumivu ya moyo, na kazi yake ilimupa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Mwaka 1966, waganga waliokuwa wanaijaribu kwa wagonjwa wa moyo waliona jambo lisilotazamiwa: mugonjwa mumoja mwenye migreni alisema kichwa chake kimetulia tangu aanze vinini vile. Watu wakafuata alama hiyo, wakaijaribu kwa wengine, na leo propranololi imeandikwa mu liste ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani kama dawa ya kuzuia migreni. Ni dawa ya zamani, viwanda vingi vinaitengeneza, kwa hiyo bei yake si ya kutisha.

Munganga anaanza na kidogo, kwa mufano miligramu 40 kwa siku, anapandisha polepole. Wengi wanafika kati ya 80 na 160. Lakini si kila mutu anaruhusiwa. Mwenye asma haruhusiwi kabisa: propranololi inaweza kufunga njia za pumzi. Mutu aliyepumua vumbi la mawe miaka mingi na kifua chake kinapiga filimbi, amwambie munganga mbele. Mwenye moyo unaopiga polepole sana ao tansyo ya chini, hapana. Mwenye sukari awe na angalisho, juu dawa hii inaficha alama za sukari kushuka. Na mutu aliyeizoea asiikate siku moja tu. Inapunguzwa kidogo kidogo, la sivyo moyo unaweza kushituka.

Ya pili ni amitriptilini. Ku dose kubwa wanaitumia kwa watu wenye huzuni nzito, kwa hiyo mutu akisoma karatasi yake anaweza kusema: "Banafikiri miye ni kichaa?" Apana. Ku dose ndogo, miligramu 10 ao 25 jioni, inazuia migreni na pia kile kichwa cha kukazwa. Inafaa zaidi kwa mutu asiyelala vizuri, juu inaleta usingizi. Njo sababu inamezwa jioni, saa moja ao mbili mbele ya kulala. Inakausha kinywa, inafunga tumbo, inaweza kuongeza uzito. Mwenye moyo unaopiga bila mupango, ao muzee anayepata shida kukojoa, aseme mbele.

Hapa kwa muchimbaji kuna neno la kuzingatia. Dawa yoyote inayoleta usingizi ianzwe wakati wa mapumziko ya kazi, si usiku wa mbele ya posti. Anayeendesha kamyo, anayesimama ku mashine, anayeshuka na kamba, ajue kwanza mwili wake unaipokea namna gani. Asubuhi za kwanza kichwa kinaweza kuwa kizito. Kisha wiki moja ao mbili, mara nyingi uzito unapita.

Kuna nyingine, sawa topiramati na valproati, ambazo zilianza kama dawa za kifafa. Zinasaidia, lakini mama ao binti anayeweza kushika mimba apewe onyo kali: valproati inaharibu mutoto tumboni, na topiramati nayo si salama kwa mimba. Mwanamuke asipewe hizo bila mazungumzo ya wazi na munganga. Na mama mwenye mimba ao anayenyonyesha asianze dawa yoyote ya kuzuia kwa mashauri ya jirani.

Tangu mwaka 2018, Ulaya na Marekani wana sindano mupya za kuzuia migreni, zinazopigwa mara moja kwa mwezi. Ni nzuri, lakini bei yake ni ya mbali na mushahara wetu. Mutu asiuze shamba juu ya habari aliyosikia. Aanze na zile za zamani. Kwa wengi zinatosha.

Kwa nini wengi wanaiacha mbele ya wakati

Sababu ya kwanza ni haraka. Mutu anameza wiki moja, kichwa kingali kinaluma, anasema dawa ni ya bure, anatupa. Lakini dawa ya kuzuia inahukumiwa kisha miezi miwili ao mitatu ku dose inayofaa, si mbele. Ni sawa kupanda muhindi: haurudi ku shamba kisha siku tano kutafuta masuke.

Sababu ya pili ni matumaini makubwa sana. Dawa hii haifuti migreni mu maisha. Kama ulikuwa na siku 16 za kichwa mu mwezi na sasa una 8, imefanya kazi yake. Siku 8 za kazi zilizorudi ni pesa ya shule ya mutoto.

Sababu ya tatu, na njo kubwa, ni kuendelea na vinini vya maumivu kila siku pembeni. Dawa ya kuzuia ni vigumu ifanye kazi mu mwili uliojaa parasetamoli. Lazima kupunguza. Kwa dawa za kawaida, munganga anaweza kukwambia ukate mara moja. Kwa zenye kodeini ao tramadoli, zinashushwa polepole chini ya uangalizi wake. Siku za kwanza ni ngumu, tusidanganyane: kati ya siku 2 na 10 kichwa kinazidi, roho inachafuka, usingizi unakimbia, mutu anakasirikia watu wa nyumba. Familia ijue mbele, isimukimbizie kinini. Chagueni wakati wa konje. Kisha hapo, wengi wanaanza kusikia tofauti, na kisha miezi miwili inaonekana wazi.

Mambo yakienda vizuri miezi 6 mpaka 12, munganga anaweza kujaribu kupunguza dawa ya kuzuia na hata kuisimamisha. Si kifungo cha maisha yote.

Mazungumzo ku kituo cha afya

Mugonjwa wengi wanapoteza nafasi yao juu wanasema "kichwa inaniluma" na kunyamaza. Mazungumzo mazuri yanaweza kwenda hivi:

— Jambo yenu, baba. Ni nini inawasumbua?

— Jambo, mama. Ni kichwa. Inaniluma karibu kila siku.

— Tangu wakati gani?

— Tangu mwezi ya tano. Ninakunywa parasetamoli, inatulia kidogo, alafu inarudia.

— Munakunywa vingapi kwa siku?

— Vine. Siku zingine sita.

— Kila siku?

— Kila siku, mama. Bila ile siwezi kufika ku kazi.

— Na mbele ya mwezi ya tano, ilikuwa inaluma namna gani?

— Ilikuwa mara moja moja. Upande huu, inapiga, ninatapika, ninalala.

— Sawa, baba. Tupime tansyo, tupime malaria, niwaangalie macho na shingo. Alafu muniletee kaye.

Jibu lile la mwisho la baba, "mara moja moja, upande huu, inapiga", njo lilifungua mulango: ilikuwa migreni, vinini vikaigeuza ya kila siku. Bila ulizo hilo, angerudi nyumbani na parasetamoli nyingine.

Na ile kaye ni chombo chenye nguvu kuliko kipimo kingi. Chukua daftari ya mutoto, chora mistari. Tarehe. Kichwa: hapana, kidogo, sana, ao cha kulaza. Dawa gani na vinini vingapi. Kitu kilichotokea siku ile: sikulala, sikula, posti ya usiku, pombe, siku za mwezi kwa mama. Asiyejua kuandika, mutoto wake amuandikie. Mwezi mumoja unatosha munganga aone kitu ambacho wewe mwenyewe haukukiona. Na miezi mitatu kisha kuanza dawa ya kuzuia, kaye ile ile njo itasema kama inafaa ao haifai.

Kama kituo cha afya hakina propranololi ao amitriptilini, omba karatasi ya kukutuma ku hopitali kubwa. Wale wanaotumika Lubumbashi wanaweza kuuliza ku hopitali Sendwe, na wenye sosyete, ku hopitali ya sosyete. Nunua dawa yenye jina na tarehe ya mwisho ku karatasi yake. Kinini cha ndani ya kasashe, kisicho na jina, haujui ni nini.

Kichwa kisichongojea kesho

Yote tuliyosema ni kwa vichwa vya zamani vinavyorudi. Kuna vingine ambavyo ni vya kukimbia hopitali saa ile ile, hata usiku:

- Kichwa kinachoanza ghafla, sawa kupigwa na nyundo, kikali kuliko vyote ulivyowahi kupata.
- Kichwa pamoja na homa na shingo ngumu, ao mutu anaanza kusema maneno yasiyoeleweka.
- Kichwa kisha kuangukiwa na jiwe ao kuanguka, zaidi kama mutu anatapika, anasinzia ao alizimia, hata kama aliamka na kusema "niko muzima".
- Mukono ao muguu unaolegea upande mumoja, kinywa kinachopinda, macho yasiyoona vizuri, ao kifafa.
- Kichwa kikali kwa mama mwenye mimba, zaidi kama miguu na uso vimevimba ao anaona giza: tansyo ya mimba inaua mama na mutoto.
- Kichwa kipya kwa mutu aliyepita miaka 50, ao kwa mutu mwenye virusi vya ukimwi, ao kinachozidi wiki kwa wiki bila kupumzika.

Kwa hivi, hakuna kaye, hakuna kungojea, hakuna kinini cha farmasi ya kando.

Hesabu ya kufanya nyumbani leo

Jioni ya leo, mutu mwenye kichwa cha kila mara akae na bibi ao bwana wake, wahesabu vitu viwili tu. Kwanza: mwezi uliopita, siku ngapi kichwa kililuma? Pili: siku ngapi kinini kilimezwa? Si vinini vingapi, siku ngapi. Kama jibu la pili linafika 10, ni wakati wa kuangalia. Kama linafika 15, ni wakati wa kwenda kuonana na munganga, na kumuuliza waziwazi: "Docta, kuna dawa ya kuzuia ambayo inaweza kunifaa?"

Wakiisha, wahesabu pia pesa ya vinini vya mwezi mzima pamoja na siku za kazi zilizopotea. Alafu waulize bei ya propranololi ao ya amitriptilini ya mwezi mumoja. Kwa nyumba nyingi, hesabu hiyo peke yake itawaonyesha njia.